Kulabu Nyekundu

Karakana ya ndugu wawili ilikuwa uani kwa mama yao. Magari yaliingia kwa lango la nyuma. Watu waliingia kwa mlango wa mbele, wakapita jikoni, wakainama chini ya kamba ya nguo, kisha wakakutana na harufu ya oili. Mama alikuwa akiilalamikia harufu hiyo tangu alipoolewa. Mumewe hakubadilisha kitu, wanawe hawakubadilisha kitu, na yeye hakuacha kulalamika. Hivyo ndivyo amani ya nyumba ile ilivyodumu.

Mwana mkubwa aliitwa Fundi. Hata mama yake alimwita hivyo. Mwana mdogo aliitwa Bawaba, kwa sababu hakujua kutulia. Kutwa alikwenda na kurudi kama mlango wa duka. Fundi alikuwa na mikono yenye nguvu na imani kubwa katika nyundo. Bawaba alikuwa na masikio. Gari likikohoa nje ya lango, yeye alitaja ugonjwa wake kabla dereva hajazima injini.

"Huyo plagi zake zimekufa," alisema asubuhi moja, kikombe cha chai kikiwa bado mdomoni.

"Ungekuwa daktari wa watu, wagonjwa wangekukimbia," Fundi alimjibu. "Unawatajia ugonjwa hata hawajaketi."

"Na wewe ungewapiga nyundo, kaka."

"Wangepona."

Katikati ya karakana palikuwa na boriti nene ya chuma, imelazwa juu ya nguzo mbili. Kwenye boriti ilining'inia winchi ya mnyororo. Mtu akivuta mnyororo mmoja, mwingine hupanda polepole na mzigo wake. Kwa njia hiyo watu wawili waliweza kuitoa injini nzima ndani ya gari. Mwishoni mwa mnyororo ulioinua mzigo palikuwa na kulabu, chuma kinene kilichopindwa kama kidole kinachomwita mtu.

Kulabu hiyo ilikuwa nyekundu, nayo ilikuwa ya marehemu baba yao. Alipofariki, winchi ilikuwa na kulabu nyingine, nyeusi, isiyo na sura. Baada ya maziko, ndugu wawili walifungua sanduku la vifaa vya baba. Waliikuta kulabu nyekundu chini kabisa, chini ya boliti zilizokatika. Vitu vyote sandukuni vilikuwa vyeusi kwa oili. Hiki peke yake kilipakwa rangi.

"Baba alikipenda hiki," Fundi alisema. "Tazama, amekipaka rangi."

Bawaba alikipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza zaidi. Huzuni haiulizi maswali mengi. Waliitoa kulabu nyeusi, wakafunga nyekundu. Tangu hapo, kila ilipofika siku aliyofariki baba, waliishusha, wakaisafisha na kuipaka rangi upya. Watu wengine hupalilia makaburi.

Kwa ukuta wa uani walipakana na mwanamke mmoja aliyekuwa mkaguzi wa lifti katika majengo marefu. Kazi yake ilikuwa kuingia mahali ambapo wapanda lifti hawaoni, na kutazama vitu ambavyo hawataki kuvifikiria. Mtaani walimwita Mkaguzi. Siku moja alileta gari lake. Alipokuwa akingoja, alisimama chini ya boriti, akatazama juu.

"Fundi, kulabu yenu imefumbua mdomo."

"Ina njaa, dada," Bawaba alidakia. "Tangu asubuhi haijala injini."

"Sitanii. Mdomo wa kulabu haufumbuki bure. Imebebeshwa mzigo unaoizidi. Ishusheni, mnunue nyingine."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa. Alijifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jirani, kulabu hii ni ya baba yetu. Ilikuwa ikiinua injini wakati wewe unabebwa mgongoni."

"Ndiyo sababu nasema. Kila kitu huchoka."

"Mtu ndiye huchoka. Chuma hakichoki, dada yangu. Kingechoka, tusingekiita chuma."

Mkaguzi alifumbua mdomo ajibu, lakini simu yake ililia. Alisikiliza, akakunja uso.

"Watu wamekwama kwenye lifti," alisema. "Nikirudi tutazungumza. Msiitumie."

Alipotoka, Fundi aliishusha kulabu. Kwa kiasi hicho, alitii. Kisha akawasha moto wa gesi.

Haikuwa mara ya kwanza; alianza siku waliyoitoa sandukuni, mdomo ukiwa umeachama. Kila mdomo wa kulabu ulipofunguka, Fundi aliufunga. Aliipasha moto hadi ikawa kama kaa, akailaza juu ya fuawe, akaigonga taratibu mpaka umbo likarudi. Kisha aliichovya kwenye ndoo ya maji. Maji yalilia, mvuke ukapanda, naye akajisikia amefanya kazi. Siku hiyo alifanya vivyo hivyo. Kulabu ilipopoa, alichukua tupa, kile chuma chenye meno kinacholainisha vyuma vingine, akaisugua. Tupa iliteleza.

"Umeona?" alimwambia mdogo wake. "Hata tupa haiingii. Imekuwa ngumu kuliko zamani."

"Lakini yule dada amesema tununue nyingine."

"Yule dada ni wa lifti. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nipe rangi."

Bawaba alimpa rangi.

Mkaguzi alirudi kuchukua gari. Alitazama juu, akaona kulabu yenye mdomo uliofungwa vizuri na rangi inayong'aa. Uso wake ulilegea.

"Afadhali," alisema. "Mmenunua mpya."

Hapo palikuwa na nafasi ndogo, ya kutosha neno moja. Fundi aliiona. Bawaba naye aliiona, akamtazama kaka yake.

"Gari lako liko tayari, jirani," Fundi alisema.

Hakusema uongo. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, wala haikumsaidia.

*

Injini iliyoanguka haikuwa nzito. Walikwisha kuinua nzito kuliko hiyo, tena nyingi. Ilikuwa mchana, jua likiwaka uani na shuka za Mama zikikauka kwenye kamba. Injini ilikuwa juu ya gari, imeachana nalo kabisa. Waya mmoja ulikuwa umenaswa chini yake. Bawaba aliinama, akapitisha mguu ndani ili aufikie.

"Shikilia hapo, kaka. Nautoa sasa hivi."

Mnyororo haukuguna. Kulabu haikufunguka. Ulisikika mlio mmoja, mkavu, kama wa sahani iliyoangushwa sakafuni. Baada ya hapo ulisikika mlio wa Bawaba.

Mama alikuja mbio, shuka iliyolowa mikononi. Shuka hiyo ndiyo waliyomfungia mguu.

Hospitalini walingoja kwenye korido ndefu yenye benchi la chuma. Mke wa Bawaba alikaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani. Fundi alimsogelea.

"Shemeji."

"Asubuhi nilikupa mtu mzima, shemeji," alisema bila kumtazama.

Daktari alitoka, akawaambia mguu utabaki, ila goti limesagika vibaya. Mgonjwa atatembea. Goti huenda lisikunjike tena. Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa habari za gari. Kisha alikwenda kukaa kando ya mama yake.

"Winchi ndiyo iliyokatika?" Mama aliuliza.

"Winchi ni nzima, Mama. Ni kulabu."

"Kulabu gani?"

"Ile ya baba. Nyekundu."

Mama aligeuka akamtazama. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Nyekundu? Iliyokuwa chini ya sanduku?"

"Ndiyo hiyo."

"Mwanangu," Mama alisema polepole, "baba yako aliipaka rangi ile ili mtu asije akaitumia. Ilifunguka mdomo siku alipoinua giaboksi ya lori. Jioni akaja jikoni kwangu kutafuta brashi. Nikamwuliza, unapamba? Akasema, naandika. Hii imekufa, na maiti huwekewa alama. Alikuwa aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndipo akaugua."

Nesi alipita akisukuma kitanda kitupu. Gurudumu moja lilikuwa likilia. Siku nyingine Bawaba angesema ni beringi.

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniambia nini hata niwaambie? Nikikanyaga karakana mnasema nimekuja na kelele za oili. Nilijua kila mwaka mnapaka kitu rangi. Nilidhani ni lango."

Fundi aliinamisha kichwa. Mwaka baada ya mwaka walikuwa wakiandika upya, kwa brashi safi na heshima zote, neno ambalo hawakulisoma. Baba aliwaachia onyo moja tu lililo wazi. Wao walilitundika kwenye boriti, wakalipatia kazi.

*

Bawaba alirudi nyumbani kwa magongo. Karakana ilikuwa kimya. Fundi alikuwa akirekebisha breki na kubadilisha oili tu. Winchi ilining'inia bila kitu mwishoni, na hakuna aliyeitazama.

Alasiri moja Mkaguzi alibisha hodi mlango wa mbele, akapita jikoni, akainama chini ya kamba ya nguo. Fundi alisimama. Alikuwa amekwisha kujiandaa kukemewa. Alitamani kukemewa.

"Nimekuja kuomba radhi," Mkaguzi alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Niliona rangi mpya nikadhani nimeona chuma kipya. Sikuishika. Sikupanda kuitazama. Kazini, mtu akifanya kosa hilo namwondoa."

"Ulidhani tumenunua mpya, nami nikanyamaza," Fundi alisema. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa ameketi juu ya kiti kuukuu cha gari, mguu umenyooshwa mbele. "Umesikia? Alidhani tumenunua, nikanyamaza."

"Nilikuwepo, kaka. Na mimi nilinyamaza."

"Wewe ulinyamaza kwa sababu ya kuniheshimu mimi."

"Goti halijali nilinyamaza kwa sababu gani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia karakana, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Hakusema lolote kuhusu oili.

"Nieleze," Fundi alimwambia Mkaguzi. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Nilikuwa na hakika sana, na ona ilikonifikisha."

Mkaguzi aliangaza macho kwenye rafu. Alichukua springi nyembamba ya kabureta kuukuu, akaitundika kwenye msumari. Chini yake alining'iniza kopo tupu.

"Tia nati moja."

Fundi alitia nati moja nzito. Springi ilirefuka kidogo, upana wa ukucha.

"Tia ya pili."

Ilirefuka upana wa kucha mbili.

"Ya tatu."

Kucha tatu.

"Inahesabu," Bawaba alisema.

"Inahesabu vizuri. Mzigo ukiwa mara mbili, inarefuka mara mbili. Sasa zitoe zote."

Fundi alizitoa. Springi ilirudi palepale ilipokuwa.

"Tabia hiyo ya kuvutwa na kurudi inaitwa unyumbufu," Mkaguzi alisema. "Watu hudhani ni tabia ya mpira peke yake. Kulabu nene nayo inanyumbuka. Ukiitundikia injini inafunguka, ila ni kidogo mno, jicho halioni. Ukiishusha injini inarudi. Inaweza kufanya kazi hiyo miaka mingi. Bawaba, ivute hiyo springi kwa mkono. Usiihurumie."

Bawaba aliivuta kwa nguvu, kisha akaiachia. Springi ilijikunja kidogo tu, ikabaki ndefu, imelegea kama uzi wa sweta.

"Imekataa kurudi."

"Haijakataa, haiwezi. Umeipitisha kikomo chake. Kila chuma kina kikomo cha unyumbufu. Kabla ya kikomo, chuma husahau mzigo. Baada ya kikomo, hukumbuka."

"Kama watu," Mama alisema.

"Habari za watu sizijui, mama yangu. Mimi ni wa lifti."

Fundi aliitazama springi. "Kwa hiyo mdomo wa kulabu ulipobaki wazi..."

"Ilikuwa imepita kikomo. Ilikuwa ikikumbuka ile giaboksi ya lori aliyonisimulia mama yenu."

"Lakini mimi niliirudishia umbo lake."

"Umbo ulilirudisha. Tafuta waya."

Fundi alitwaa kipande cha waya. Mkaguzi akamwambia aukunje, kisha aunyooshe, kisha aukunje tena mahali palepale. Baada ya muda mfupi waya ulikatika mikononi mwake. Alibaki na vipande viwili.

"Kila ulipounyoosha, ulionekana mzima," Mkaguzi alisema. "Uliona umbo. Ndani, mahali ulipoukunja, waya ulikuwa ukichoka. Bandu bandu huisha gogo."

"Nilisema chuma hakichoki."

"Ulisema."

Fundi aliviweka vile vipande juu ya meza, taratibu, kama vitu vinavyoweza kuumia. "Lakini dada, waya huu ni baridi. Mimi niliitia kulabu moto. Chuma hufuliwa kingali moto, hilo hata wahenga walilijua."

"Ni kweli, na hilo ni swali zuri. Kiwandani pia huitia moto. Lakini moto wao una kipimo, na kupoza kwao kuna kipimo. Wewe uliipasha kwa kukisia, kisha ukaichovya kwenye ndoo. Chuma cha namna ile kikipozwa ghafla huwa kigumu."

"Ndicho nilichotaka. Tupa iliteleza."

"Tupa ilikuwa ikikuambia kitu kingine. Chukua msumari na kipande cha kioo. Kipi ni kigumu?"

Fundi alifikiri. "Kioo. Msumari haukikwaruzi."

"Vigonge vyote viwili kwa nyundo."

"Msumari utapinda. Kioo kitapasuka."

"Basi ugumu si uimara. Msumari unapopinda, unakuambia umelemewa. Kioo hakikuambii kitu mpaka kimekwisha. Kulabu hutengenezwa makusudi ipinde kabla haijavunjika. Kufumbua mdomo ndiyo namna yake ya kupiga kelele. Wewe uliifunga mdomo, kisha ukaigeuza kioo."

Vipande vya kulabu vilikuwa mezani, karibu na vipande vya waya. Pale ilipovunjika, chuma kilikuwa cha kijivu, punje punje kama sukari.

"Mimi niliisikia," Bawaba alisema mwishowe. "Yaani sikuisikia. Kila kitu kikilemewa huguna. Ile haikuguna. Ilisema neno moja tu."

Fundi alikwenda kusimama langoni, mgongo kwao. Alikaa hapo mpaka Mama akamwita kwa jina alilopewa utotoni, ambalo halikuwa limesikika uani kwa muda mrefu. Aligeuka, macho mekundu, akauliza swali la mwisho.

"Sasa nifanye nini?"

"Nunua kulabu yenye uzito wake umegongwa ubavuni, na usiipe zaidi ya huo. Usiipashe moto, usiigonge, usiichomelee. Usiipake rangi, rangi huficha nyufa. Na mtu asiingize hata kidole chini ya mzigo, hata kama kulabu imetoka dukani jana."

"Hilo la mwisho," Bawaba alisema, "mimi nimelisoma kwa vitendo."

*

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita, Fundi alimpa vipande vya kulabu nyekundu. Alisita kidogo kabla ya kuviachia. Kisha akakumbuka kwamba ndivyo baba alivyotaka tangu mwanzo.

Kulabu mpya ilikuja na vitone viwili vilivyogongwa kiwandani, kimoja upande huu wa mdomo na kimoja upande ule. Mkaguzi aliwaonyesha kazi ya vitone hivyo: umbali kati ya vitone ukiongezeka, mdomo umefunguka. Bawaba alikata kibao cha mti mgumu, akakisugua mpaka kikaingia katikati ya vitone bila kubaki nafasi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alichechemea hadi chini ya winchi, akakijaribu kibao. Kikikaa sawasawa, alisema "Haya." Wasiposikia "Haya," hawakuvuta mnyororo. Daktari alikuwa amesema kweli. Goti halikukunjika tena. Bawaba sasa alitembea mguu mmoja ukiwa umenyooka kama fimbo, na kutwa alikaa palepale kwenye kiti kuukuu. Jina lake lilibaki lilelile. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulibadilisha, wala wa kulicheka.

Siku moja dereva mwenye haraka alileta gari. Fundi aliifungua injini yote, isipokuwa boliti moja iliyojificha nyuma ya bomba. Hakuiona. Alianza kuvuta mnyororo. Injini ilipanda kidogo, kisha gari nalo likaanza kupanda.

"Simama!" Bawaba alipaza sauti kutoka kitini. "Inaguna. Shusha, kaka, shusha!"

Fundi alishusha. Hapakuwa na mtu karibu na gari, kwa sababu siku hizi hapakuwa na mtu karibu na gari. Bawaba alichechemea na kibao chake. Kiliingia kati ya vitone, kikacheza huku na huku.

"Imefunguka," alisema.

Dereva alisogea, akatazama. "Ah, kidogo tu hivyo? Mzee, si uipige nyundo mara mbili tuendelee? Mbona mnaipa ukubwa?"

Nyundo ilikuwa mezani. Mkono wa Fundi ulikuwa umekwisha kuielekea, kwa mazoea, kama mguu unavyolijua giza la nyumbani. Alitazama mkono wake. Akautazama mguu wa mdogo wake, uliosimama umenyooka kando ya kibao.

"Nyundo inarudisha umbo tu," alisema. "Chuma hairudishi. Gari lako litangoja kulabu nyingine."

"Na safari yangu?"

"Nenda kwa miguu," Bawaba alimwambia. "Unayo miwili. Usiichezee."

Dereva aliguna, akaenda kutafuta usafiri mwingine.

Fundi aliifungua kulabu kutoka kwenye mnyororo. Alitafuta lile kopo la rangi nyekundu, akaichovya brashi, akaipaka kulabu yote, kila upande. Mama alichungulia kutoka jikoni.

"Unapamba?" aliuliza.

"Naandika, Mama."

Rangi ilipokauka, aliibana kulabu katikati ya taya za jiliwa, akawasha mashine ya kukatia, akaikata vipande viwili, kwa kuwa rangi mtu anaweza kuisoma vibaya. Alikuwa amefanya sawasawa alivyotaka baba yake, akiwa amechelewa kwa goti moja, na goti hilo halikuwa lake.